Shangazi Alinunua Mchele, Vita Vilikuwa vya Ngano

Mwisho wa Februari 2022, siku mbili tatu baada ya Urusi kuivamia Ukraine, shangazi yangu wa Mkoani, Pemba, alipata sauti ya WhatsApp kwenye kundi la jamaa. Aliyesema hakujitaja. Alidai vita vya tatu vya dunia vimeshaanza, meli hazitakuja tena, na mwenye akili aweke chakula ndani kabla ya Ramadhani. Shangazi akaenda kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, akachukua mkopo, akanunua mapolo manne ya mchele na kuyapanga chumba cha uani juu ya vibao ili yasishike unyevu. Aliponipigia simu kunipa habari, alizungumza kama mtu aliyekwisha kuvuka salama.

Ramadhani ikaingia Aprili. Mchele ulikuwepo madukani na bei yake haikuwa imefanya la kutisha. Kilichopanda ni unga wa ngano, mafuta ya kupikia na petroli. Boflo likapungua hadi likawa la kutia kiganjani. Shangazi, na mapolo yake manne ndani, akawa anapeleka kichupa dukani apimiwe mafuta kidogo kidogo. Mwezi wa nane nilipomtembelea nilimkuta uani anapepeta. Mapolo mawili ya mwisho yalikuwa yameingia fukusi. Alipepeta ungo baada ya ungo, wale wadudu weusi wakitambaa kwenye ukingo, na kuku wakimzunguka miguuni. Mkopo ulikuwa bado haujesha.

Sijawahi kuiona hofu yake kuwa ni ujinga. Vita vile vilimfikia kweli, hadi jikoni kwake, kama alivyohofia. Hakujua tu vitapita njia gani. Na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama siku hizi, kwa sababu habari zinatujia kwa rundo: vita kule, dola hapa, bei ya mafuta, misaada imekatwa, meli zimeshambuliwa. Rundo zima linamwangukia mtu kifuani usiku na asijue ashike lipi. Lakini kila habari ina njia yake ya kuingia Unguja na Pemba, na njia zenyewe si nyingi. Ukizifahamu, utajua ipi ya kukukosesha usingizi na ipi ya kuiacha ipite.

Tuanze na vita vyenyewe. Urusi na Ukraine kwa pamoja zilikuwa zikiuza nje zaidi ya robo ya ngano yote inayouzwa baina ya nchi na nchi. Ukraine, tena, ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza mafuta ya alizeti. Mchele hawatuuzii. Mchele wetu wa nje unatoka Asia: Pakistan, India, Thailand, Vietnam. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuweka kitu ndani Februari ile angeangalia unga na mafuta, si mchele.

Utasema, lakini sisi hatupikii alizeti ya Ukraine. Kweli, mafuta mengi tunayopimiwa madukani ni ya mawese, kutoka Malaysia na Indonesia. Ila waliokosa alizeti hawakuacha kukaanga. Walihamia kwenye mawese, wakagombania mafuta yale yale tunayotumia sisi, bei ikaruka. Kisha Indonesia, ilipoona wananchi wake wenyewe wanahangaika, ikafunga kuuza mawese nje kuanzia tarehe 28 Aprili 2022, kwa muda wa wiki tatu hivi. Ndivyo mashamba ya alizeti ya Ukraine yalivyofika kwenye kichupa cha shangazi, kwa kupitia Indonesia. Bidhaa moja ikikosekana, jirani yake hupanda. Hili ni la kulikumbuka, maana ndilo linalowachanganya watu wengi.

Na mchele? Zamu yake ilikuja mwaka uliofuata, kimya kimya. Tarehe 20 Julai 2023 India ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati, ili kutuliza bei kwa watu wake. India peke yake ilikuwa ikiuza karibu asilimia 40 ya mchele wote wa biashara duniani. Wanunuzi wa Afrika waliokuwa wakitegemea India wakakimbilia Thailand na Vietnam, na bei ya huko ikafika pasipofikwa kwa karibu miaka 15. Hata ambaye hakuwa akila mchele wa India aliulipia. Marufuku yenyewe iliondolewa Septemba 2024, na bei za Asia zikaanza kulegea.

Siku ile ya Julai hakuna aliyenitumia sauti ya WhatsApp. Hakukuwa na bomu wala picha ya moshi. Ilikuwa tangazo la wizara katika mji wa mbali, lakini kwa nyumba inayopika wali mchana na usiku lilikuwa zito kuliko mizinga yote ya mwaka uliotangulia. Naamini hapa ndipo tunapodanganyika zaidi: tunaipima habari kwa kelele zake.

Wazee wetu walishayapitia haya bila ya simu. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Burma, njia ya mchele wa huko ilikatika, na Unguja na Pemba zikaingia kwenye chakula cha kugawiwa kwa vipimo. Kisiwa ni kisiwa. Tumezaliwa juu ya bandari, na tangu enzi za majahazi ya kaskazi na kusi chungu chetu kinategemea kinachoshushwa gatini.

Njia ya meli nayo ina mambo yake. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walikuwa wakizishambulia meli kwenye Bahari ya Shamu, karibu na mlango wa Bab el-Mandeb, na kampuni kubwa za meli zikaamua kuzunguka Afrika nzima kwa kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Hapo safari baina ya Asia na Ulaya huongezeka kiasi cha siku kumi hadi kumi na nne. Sasa tazama ramani. Meli ya mchele kutoka Karachi au Bangkok kuja Malindi, bandari yetu ya Unguja, haipiti Bahari ya Shamu hata kidogo. Gari lililotumika kutoka Japani halipiti. Ngano ya Bahari Nyeusi ndiyo ipitayo, na bidhaa za Ulaya na Uturuki.

Hata hivyo wafanyabiashara walilalamika kwamba nauli ya kontena imepanda hata kwa mizigo ya Asia, na walikuwa na haki. Meli inayotumia wiki mbili zaidi njiani haiwezi kufanya safari nyingine kwa wakati huo. Kontena linalochelewa kurudi China halipo la kupakia mzigo wa mtu mwingine. Idadi ya meli ni ile ile lakini zinazopatikana zimepungua, na anayetaka nafasi analipa zaidi, awe anapita Shamu au hapiti. Daladala zikipelekwa zote kwenye harusi ya shamba, anayetoka Kwerekwe kwenda Darajani naye atasubiri kituoni.

Dola

Hii ndiyo njia pana kuliko zote, na ndiyo isiyoonekana.

Nilikaa siku moja na mfanyabiashara mmoja wa jumla, mtu wa makamo, kwenye ofisi yake ndogo nyuma ya ghala, feni inazunguka, daftari la jalada gumu mbele yake. Nilimuuliza kwa nini bei ya polo imepanda wakati kwenye habari nimesoma mchele umeshuka huko Asia. Hakukasirika. Alinigeuzia kikokotoo nione.

Tuseme, alisema, polo limenifikia kwa dola 25. Mwanzoni mwa 2023 dola moja niliipata kwa shilingi 2,300 na ushei. Piga 25 mara 2,300, ni shilingi 57,500. Katikati ya 2024 dola imepita 2,600. Piga tena. Ni 65,000. "Sijaongeza faida hata senti, na mchele haujaongezeka hata senti. Hiyo 7,500 umelipa dola, sheikh, hukulipa mchele."

Kwa nini shilingi ililegea? Sababu kubwa ilikuwa mbali. Benki Kuu ya Marekani, katika kupambana na mfumuko wa bei kwao, ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri Machi 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023. Mwenye dola akaona bora akaziweke Marekani zizae kuliko kuzizungusha kwetu. Dola zikaadimika, tena si Tanzania peke yake. Na wakati huo huo mafuta, mbolea na ngano vilikuwa ghali, kwa hiyo nchi ilihitaji dola nyingi zaidi kununua vitu vile vile.

Sababu nyingine iko hapa hapa, na kila aliyefanya kazi hotelini anaijua bila kuiita jina. Dola zina msimu kama embe. Zinajaa watalii wanapojaa, kuanzia Julai, na tena Desemba hadi Februari, na mazao ya bara kama korosho yakiuzwa nje. Masika ya Aprili na Mei hoteli za pwani ya mashariki zinafunga milango kwa matengenezo na dola zinakauka. Ndiyo maana shilingi mara nyingi hunyong'onyea nusu ya kwanza ya mwaka na kupata nguvu nusu ya pili. Mwisho wa 2024 dola ilirudi hadi karibu na 2,400, na walioziweka ndani kwa hofu wakidhani zitapanda milele walipata hasara. Anayekwambia Mei kwamba shilingi imekufa, muulize kwanza ni mwezi gani.

Nikamuuliza yule mfanyabiashara swali lililokuwa likiniuma: mbona dola ikipanda mnapandisha kesho yake, ikishuka mnasubiri? Alinyamaza kidogo, akafungua daftari. Alinionyesha shehena aliyolipia dola ikiwa juu, bado iko ghalani. Akisema leo auze kwa bei ya dola ya leo, atauza chini ya alichonunulia. Na dola inapopanda anafikiria polo la kesho: akiuza kwa bei ya zamani, fedha alizopata hazitamrudisha bandarini kununua idadi ile ile. Nilimwelewa. Lakini nitasema pia ninaloliamini: hoja hiyo ni ya kweli kwa mzigo wa mwezi mmoja au miwili. Bei inayobaki juu miezi sita baada ya dola kushuka haina tena hoja ya daftari, na anayeficha bidhaa ili iadimike anawaumiza watu ambao hawana chumba cha uani cha kupanga mapolo.

Kuna neno jingine linalowakera watu redioni, nao wana haki ya kukereka kwa sababu haliwafafanukii. Linasemwa kwamba mfumuko wa bei umepungua, na mtu aliyetoka sokoni na kikapu nusu anajiona anatukanwa. Mfumuko wa bei ni mwendo wa bei kupanda. Kilo ya kitu ilikuwa 2,000, mwaka ukaisha ikawa 2,200: imepanda kwa asilimia 10. Mwaka wa pili ikawa 2,310: imepanda kwa asilimia 5. Mfumuko umepungua kwa nusu, na kilo ni ghali zaidi kuliko mwanzo. Mtangazaji hakusema uongo. Na wewe uliyelalamika hukusema uongo. Gari limepunguza mwendo, ila bado linapanda mlima, na mshahara wako unalifuata kwa miguu.

Petroli nayo ina kanuni yake. Hapa Zanzibar bei ya rejareja hutangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka inayodhibiti huduma za maji na nishati, na ndani ya hesabu yake mna bei ya soko la dunia, nauli na bima ya kuyaleta mafuta, thamani ya shilingi kwa dola, pamoja na kodi na tozo. Soko linaloangaliwa ni la kipindi kilichokwisha kupita, si la jana jioni. Kwa hiyo habari ya leo ya vita haipandishi petroli ya leo asubuhi. Akikwambia hivyo mtu wa bodaboda, nauli anaipandisha yeye.

Wageni na karafuu

Yale yale yaliyotuumiza kwenye mchele yanaingia kwa mlango mwingine kama fedha, au kama ukosefu wa fedha. Watalii waliofika Zanzibar mwaka 2019 walikuwa 538,264. Mwaka 2020, corona ilipofunga viwanja vya ndege, walifika 260,644. Mpiga makasia, mkulima wa mchicha anayeuza hotelini, binti wa kufua mashuka, wote walikatwa nusu hiyo, wengine wakakatwa yote. Mwaka 2024 idadi ikafika 736,755. Na vita vya Ukraine vilipoanza, vilionekana pwani kabla ya kuonekana dukani: mamia ya watalii wa Ukraine walikuwa likizoni Unguja, wakaamka hawana nyumba ya kurudi wala ndege ya kuwarudisha. Waliokuwa karibu nao wanasimulia mpaka leo, na wapo waliowapa chakula na pa kulala bila ya kuwadai.

Pemba tunaingiliwa zaidi kwa karafuu. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha kwa kiasi kikubwa ya Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo shamba. Pigo kubwa zaidi la baadaye halikuja kwa tufani. Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, karafuu zetu zikiingia kwenye sigara zao za kretek. Kidogo kidogo ilipanda mikarafuu yake, na kufikia miaka ya 1980 haikutuhitaji tena. Bei ikaporomoka na nyumba nyingi za Pemba hazikuinuka kwa miaka. Miti inakua taratibu, haitoi habari ya saa mbili usiku. Ni kama lile tangazo la mchele la India, ila hili lilichukua miaka.

Dola ikipanda, mtu angetegemea mkulima wa karafuu afurahi, kwa kuwa zao lake linauzwa nje. Lakini mkulima huliuzia Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, kwa bei ya shilingi iliyotangazwa, wala haichezi kila siku na dola. Kwa hiyo dola ya juu humnyang'anya kwenye mchele mara moja na kumrudishia kwenye karafuu baadaye, kama itamrudishia. Kuna ulinzi ndani yake pia: soko la dunia likianguka wiki hii, mwenye karafuu kwenye jamvi haanguki nalo wiki hii.

Tusisahau kwamba si kila dhiki inatoka ng'ambo. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme wa kutoka bara kwa sababu ya hitilafu ya njia moja ya waya. Waliokuwa na friji za samaki walifilisika, na hakukuwa na vita popote vya kuvisingizia. Nikisikia mtu anaeleza kila ugumu kwa "hali ya dunia", huwa namuuliza ni bidhaa gani, imepita njia gani, imelipiwa kwa fedha gani. Akiwa anajua, atajibu. Akiwa hajui, ataongeza sauti.

Maswali hayo matatu nilimpa shangazi pia, baada ya ule mchele. Nilidhani ameyasahau. Juni 2025, Israel ilipoishambulia Iran na kila simu ikajaa habari kwamba mlango bahari wa Hormuz utafungwa, akanipigia saa tano usiku.

"Mwanangu, wanasema Hormuz. Hapo panapita nini?"

Nikamwambia, mafuta, kiasi cha moja ya tano ya yanayotumika duniani.

"Mchele?"

"Hapana, shangazi. Mafuta na gesi."

"Basi kitakachopanda ni petroli, na nauli ya boti. Na si kesho."

"Si kesho. Tusubiri mwezi ujao."

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia redio inasoma majina ya miji ya Iran. Akasema fedha alizokuwa nazo ni za sare za skuli za wajukuu na hatozigusa. Wiki mbili hazikupita, mapigano yalisita na bei ya mafuta duniani ikarudi chini ilipotoka.

Alinipigia tena Julai, karafuu za mwanzo zikianza kuchumwa, na mara hii hakuuliza habari za vita. Alitaka kujua Indonesia wanasemaje mwaka huu, mikarafuu yao imezaa au haikuzaa. Nikamwambia nitatafuta. Kabla sijamaliza akanikata, wingu limefunga, akaweka simu bila kuaga ili awahi kuzianua.